Tangazo la kamari chini ya tanzia ya maalim

Skrinshoti iliingia saa nane na nusu mchana, niko barazani kwetu Langoni, hapa Lamu, nimejibwaga, manake tangu alfajiri sijakaa chini. Maalim wangu wa chuo alikuwa ameaga usiku wa kuamkia siku ile. Yeye ndie alienishika kidole kwenye alifu mpaka nikahitimu, na mimi ndie nilieandika tanzia yake kwenye tovuti yangu, jina kamili, ukoo, watoto, msikiti wa kusaliwa, na mstari wa mwisho: "Maziko ni leo baada ya sala ya Alasiri."

Picha ilitoka kwa binti yake mkubwa. Hakuandika kitu. Picha tu.

Nikaikuza kwa vidole viwili. Mstari wangu wa mwisho ule pale. Chini yake, hata nafasi ya ukucha haipo, kuna tangazo la kamari: sarafu za dhahabu zinamwagika, msichana anacheka meno yote, na maandishi manene ya njano yanasema LEO NI SIKU YAKO.

Leo, na leo.

Nilisikia baridi mwili mzima. Nikakimbilia laptopu, nikaifuta ile nafasi ya tangazo kwenye ukurasa ule, nikapiga simu, haikushikwa. Na ingeshikwa vipi, watu wako kwenye maiti.

Jioni nikaenda msibani. Wanawake wamejaa kuanzia ndani mpaka kwenye daka, viatu vimelundikana, mtu anapita na birika ya kahawa. Yule binti mkubwa wa maalim, mi ntamwita Bi Mkubwa hapa, alikuwa ameketi mkekani ameegemea ukuta. Nikampa mkono nikaanza kuomba radhi, maneno hayaji sawasawa, na yeye akanivuta karibu akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, walikupa ngapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Amekulia dukani, kaolewa na mtu wa duka, kwake yeye kitu kikishauzwa kina bei na muuzaji anaijua. Mi sikuijua. Mwaka wa nne naendesha tovuti yenye matangazo na sikujua nafasi ya chini ya jina la maalim wangu imekwenda kwa shilingi ngapi wala imenunuliwa na nani.

Swali lile ndilo lililonifanya niandike haya. Wiki ya saba sasa.

Mnada usioonekana

Watu wengi hapa mjini wanadhani naketi nachagua matangazo kama mhariri wa gazeti. Sichagui. Nilichofanya miaka minne nyuma ni kujisajili na mtandao mmoja wa matangazo, ule uliokubali tovuti ndogo kama yangu, nikapewa kipande cha msimbo, yale maandishi ya kompyuta yanayoleta tangazo, nikakibandika kila ukurasa, basi. Kuanzia hapo ile nafasi si yangu tena, ni yao, mi nangojea tu pesa.

Na inavofanya kazi ni hivi. Unafungua ukurasa wangu, na kabla hata picha haijamaliza kutokea, simu yako inapiga ukelele kwenda nje: kuna mtu hapa, ana simu ya aina hii, yuko upande huu wa Kenya, anasoma ukurasa huu, nani anamtaka? Mashine za makampuni zinataja bei, aliyetaja ya juu anaingia, na yote hayo yanaisha ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Wewe unaona tangazo tu.

Mi nimekua nikiona mnada wa samaki. Jahazi limefika, samaki wamemwagwa chini, dalali anapaza sauti, wanunuzi wamesimama mduara na kila mmoja anamuona mwenzake. Aliyenunua samaki aina ya changu wote wanamjua. Samaki akiwa amechina, kabla ya Adhuhuri mji mzima unajua alikuwa wa nani.

Ule wa kwenye simu hauna mduara.

Haikuwa hivi tangu mwanzo, na hili ndilo lililonikalia kichwani usiku mwingi. Tangazo la kwanza la bango kwenye intaneti lilitoka tarehe 27 Oktoba 1994, kwenye tovuti ya Marekani ikiitwa HotWired, mlipaji akiwa kampuni ya simu ya AT&T. Lilikuwa kijistari chembamba kinamuuliza msomaji kama ameshawahi kubofya mahali hapo, na ukibofya walikupeleka kutembelea makumbusho ya sanaa. Inaelezwa kuwa watu 44 katika kila 100 walioliona walilibofya, jambo ambalo leo hakuna mwenye tovuti anaethubutu hata kuliota. Lakini mi sishangazwi na hizo 44. Ninachokishika ni kuwa AT&T walijua wananunua nafasi kwa nani na HotWired walijua wanamuuzia nani. Wangekutana njiani wangesalimiana.

Halafu kuanzia 2009 hivi mnada huu wa papo kwa papo ukashika kasi, na kitu kinachouzwa kikabadilika. Zamani ulinunua ukurasa. Sasaivi unanunua mtu, popote atakapopita. Ile kampuni ya kamari haikununua tanzia ya maalim. Ilinunua mpwa wake aliye Mombasa, mwanafunzi wake wa zamani aliye Muscat, jirani yake wa mtaa wa pili, kila mmoja kivyake, wakati wamesimama na simu mkononi wanatafuta saa ya maziko. Nao hakuna aliewauliza. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019 na inampa mtu haki ya kujua habari zake zinatumika kwa kazi gani, lakini niambie, mtu anaetafuta maziko ya babake atasoma saa ngapi kile kijisanduku cha "kubali vidakuzi" (vijifaili vya kumfuatilia mtu mtandaoni) nilichomuwekea mimi mwenyewe kwa mkono wangu?

Mtu ataniambia Kenya kuna udhibiti. Kweli upo, Aprili 2025 bodi ya kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, redioni, kwenye runinga, mtandaoni, kote. Lakini lile tangazo nililibofya baadae nikalifuata, anwani yake ni ya nje, jina sijawahi kulisikia popote hapa. Udhibiti unamkamata mwenye leseni. Mnada unampokea yeyote mwenye pesa.

"Na dalali alichukua ngapi?"

Siku ya tatu, baada ya hitima, nilirudi kwa Bi Mkubwa na jibu. Nilikuwa nimekesha kwenye ripoti. Tanzia ilifunguliwa mara 5,400, sijawahi kupata ukurasa wenye wasomaji wengi hivo, manake maalim kafundisha vizazi vitatu. Fungu langu kwa mara zote hizo lilikuwa dola 1 na senti 62. Kwa bei ya siku ile ni shilingi 209.

Nikamwambia hivohivo, shilingi mia mbili na tisa.

Alinyamaza. Akakunja mtandio wake, akaukunjua. Kisha:

"Na dalali alichukua ngapi?"

Wallahi hilo sikulitegemea. Na tena sikuwa na jibu, manake ripoti yangu inanionyesha kilichonifikia mimi tu, haionyeshi mwenye tangazo alitoa ngapi kule mwanzo. Ni kama umpe mtu mbuzi wako akuuzie, arudi akupe noti mbili, na ukimuuliza mbuzi kaenda kwa bei gani anakwambia hiyo ni siri ya soko.

Nikaanza kutafuta, na nikagundua hata wakubwa wamepigwa na swali hilohilo. Gazeti la The Guardian la Uingereza, gazeti lenye mawakili na wahasibu ghorofa nzima, mwaka 2016 liliamua kununua matangazo kwenye tovuti yake lenyewe, yaani likajifanya mteja, lione pesa inapita wapi. Wakasema pale hali ilipokuwa mbaya zaidi, katika kila pauni moja iliyolipwa ni peni 30 tu zilizowarudia. Peni 70 zimebaki njiani. Mwaka 2020 chama cha watangaza biashara cha Uingereza, ISBA, kikawapa wakaguzi wa PwC kazi ya kuifuata pesa hatua kwa hatua, wakakuta wenye tovuti wanapata asilimia 51, na asilimia 15 haikujulikana imeenda wapi. Nilirudia kuisoma ile sehemu mara mbili. Wakaguzi wa PwC wamekaa na hesabu, na sehemu 15 katika 100 hazina mwenyewe.

Sasa hiyo ni huko juu, tovuti zenye majina. Sisi wa huku chini tunauziwa na dalali wa dalali.

Na kuna jengine. Google anamiliki programu ambayo wenye tovuti wengi wanaitumia kuuzia nafasi, anamiliki uwanja wenyewe wa mnada, na anawauzia wanunuzi vyombo vya kununulia. Yaani dalali wa muuzaji ni yeye, dalali wa mnunuzi ni yeye, na kiwanja cha sokoni ni chake. Ilimchukua hakimu wa Marekani, Leonie Brinkema, mpaka Aprili 2025 kuamua kwamba kampuni ile ilivunja sheria kwa kuhodhi masoko mawili kati ya hayo, la programu za wenye tovuti na la uwanja wa mnada. Nilipomueleza Bi Mkubwa hili siku nyengine hakuhitaji maelezo marefu. Alisema hata pale penye samaki dalali akianza kuwanunulia nduguze watu huondoka na samaki wao.

Sisi tungeondoka kwenda wapi? Mwaka 2023 peke yake matangazo yaliiingizia Alphabet, kampuni mama ya Google, zaidi ya dola bilioni 237. Mi zangu zilikuwa kama dola 14 kwa mwezi.

Wanaolipa nao wanalia

Nilikuwa nadhani basi, kama mimi mwenye ukurasa napata makombo, wenye kutangaza lazima wanashiba. Mpaka ndugu yangu mmoja, nahodha, ana mashua yake anapeleka wageni Manda na Kipungani, alipokuja na simu yake tuangalie pamoja.

Alikuwa ameboosti posti, yaani kalipia ionwe na watu wengi. Shilingi 3,000, siku sita. Picha nzuri ya tanga limejaa upepo, jua linazama nyuma ya Shela. Kapata mioyo 900 na zaidi. Wageni waliopanda mashua kwa sababu ya posti ile: sifuri.

Tukaingia ndani ya takwimu. Kumbe aliacha kila kitu kama simu ilivompendekezea, eneo Kenya nzima, umri wowote, lengo "watu wajihusishe". Na mashine ilimtii, ikamtafutia watu wanaopenda kubofya moyo, Kakamega, Kitui, Eldoret, watu wazuri tu lakini hawako Lamu wala hawaji wiki hii. Aliomba mioyo akapewa mioyo. Yeye alitaka abiria sita wa Jumamosi.

Wale wakubwa wanaotangaza kwa mamilioni nao hawako salama. Chama cha watangaza biashara cha Marekani, ANA, kilichunguza 2023 kikakuta asilimia 21 ya mara zote matangazo yalipoonyeshwa ilikuwa kwenye tovuti zilizotengenezwa kwa ajili ya kubeba matangazo tu, zile unazofungua habari moja ukaambiwa endelea ukurasa wa pili, wa tatu, wa kumi, na habari yenyewe haipo. Asilimia 15 ya pesa ilikwenda huko. Sasa fikiria. Mlipaji anapoteza, msomaji anaudhika, mwenye tovuti ya kweli anapata shilingi 209 na aibu msibani. Pesa ipo, lakini imetulia katikati, kwa watu ambao hakuna hata mmoja wetu anaeweza kuwapigia simu.

Nahodha aliniuliza, "Kwani wewe dada ukiniwekea kwenye tovuti yako ni bei gani?"

Sikuwa na bei. Kila siku nafasi ile inapigwa mnada mara maelfu na mimi sina bei ya kumwambia mtu aliekaa mbele yangu.

Siku ile ndio niliutoa ule msimbo. Kurasa zote.

Daftari na Usita wa Mui

Nilinunua daftari, nikaanza kutembea. Kwa mwanamke kuzunguka duka kwa duka anaomba matangazo si jambo jepesi, watu wanakutazama, wengine wanadhani unachangisha harusi. Nikashuka Usita wa Mui wote, njia kuu ya mji wetu, kuanzia mwisho wa Langoni mpaka Mkomani, napisha mapunda, naingia duka la dawa, la vitambaa, la vifaa vya ujenzi, la simu.

Majibu yalikuwa mengi. "Si uniposti tu, sisi si ndugu?" "Mi nina statasi yangu ya WhatsApp, watu mia mbili." "Facebook wananifikishia watu elfu kwa shilingi mia tatu, wewe utanifikishia wangapi?" Hilo la mwisho lina haki yake, na nilijifunza kulijibu kwa ukweli: mi sina elfu za bei hiyo, nina watu kama 1,200 kwa siku, lakini wengi wao ni wa hapa na wa kwao hapa, wanaingia kutazama ratiba ya boti za Mokowe, bei ya samaki, tanzia, na shule gani imefunga. Mtu aliye Eldoret hana haja na ratiba ya Mokowe.

Muuza halua ndie alienisumbua zaidi. Karai lake la shaba linamtosha mtu kuoga ndani, anakoroga kwa mkono mmoja huku anazungumza na wewe, mafuta ya samli yameng'aa mpaka kwenye nyusi. Akanisikiza mpaka mwisho. Akasema:

"Dada, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Msemo huu nimekutana nao mara ngapi sijui. Na mi nauheshimu, nimelelewa nao. Lakini nilimjibu kwamba kizuri kilijiuza wakati mji mzima ulipita mbele ya duka lako kwenda sokoni. Sasaivi kijana wa miaka ishirini anapita mbele ya duka lako akitazama simu, na kwenye simu kile kibaya kimeshajitembeza mpaka chini ya tanzia ya maalim.

Akaacha kukoroga.

"Tanzia ya maalim gani?"

Nikamueleza. Yeye alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Hakuiona ile picha. Akafuta mkono kwenye shuka lake, akatoa shilingi 500, akasema, "Weka langu pahala pao." Ndio maneno yake. Hakuuliza watu wangapi, hakuuliza wiki ngapi.

Mwezi wa kwanza nilipata watu sita, shilingi 9,000. Ule msimbo ulikuwa unaniletea kama 1,800. Sisemi ni njia ya kila mtu. Wenzangu wanaoandika mapishi na "jinsi ya kufanya hiki na kile" wasomaji wao wametawanyika dunia nzima, hawana Usita wa Mui wa kutembea, na hivi Google imeanza kumjibu mtu palepale juu kwa akili bandia bila kumpeleka kwenye tovuti, wao wanaumia zaidi yangu. Vyombo vikubwa navyo vililia Machi 2024 serikali ilipoagiza matangazo yake ya redio na runinga yapelekwe KBC, shirika lake la utangazaji. Kila mmoja na jeraha lake. Mi naandika la kwangu.

Viwanja

Nilikuwa nafikiri nimemaliza. Nimetoa kamari, nimeweka halua na mashua na duka la dawa, nalala vizuri.

Halafu akaja mtu wa viwanja.

Amevaa vizuri, anazungumza vizuri, anataka bango la juu kabisa kwa mwezi mzima, na bei akataja yeye: shilingi 20,000. Viwanja vya bara, upande wa Mokowe, futi 50 kwa 100. Nikauliza hati zipo? Akanionyesha ramani iliyopigwa picha, mistari ya kalamu ya wino na mhuri mmoja uliofifia. Akasema hati ziko njiani.

Kila mtu wa Lamu anajua maneno hayo yana uzito gani. Ujenzi wa bandari ulizinduliwa 2012, gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021, na katikati hapo na mpaka leo ardhi ya bara imekuwa ni jambo la watu kulia mahakamani, shamba alilopanda babu linauzwa na mtu ambaye hata mnazi hajawahi kuupanda. Nilijua. Siwezi kusema sikujua.

Nikaliweka.

Nasema ukweli wangu. Usiku, saa nne, pesa imeingia M-Pesa, nikaliweka juu kabisa na nikajiambia mi ni ubao tu, mnunuzi ataangalia hati mwenyewe, kila mtu ana akili yake. Na nilipokuwa najiambia hivo nikakumbuka kwamba hayo ndio majibu niliyoandikiwa na ule mtandao wa matangazo nilipowalalamikia kuhusu tanzia. Karibu neno kwa neno. Sisi hatuchagui, sisi tunaunganisha tu.

Sikulala. Asubuhi mzee mmoja wa mtaa wetu akanipigia, hakusalimia hata, "Mwanangu, lile shamba kwenye bango lako ni la nani?" Anataka kumnunulia mwanawe. Ameliona kwenye tovuti yangu, na kwa vile ni tovuti yangu akadhani nimeshaliuliza.

Hapo ndipo nilipofahamu kitu ambacho mashine ilikuwa imenificha miaka minne. Zamani mpiga mbiu akipita anatangaza, watu walimjua kwa sauti. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na jambo likiwa la uongo yuko wa kuulizwa, anakaa mtaa fulani, mwana wa fulani. Ule msimbo ulinipa pesa kidogo sana, lakini ulinipa kitu ambacho sikukijua kuwa ni sehemu ya malipo: ulinipa mtu wa kumlaumu. Sasa nimeuondoa, na simu ya mzee imekuja kwangu moja kwa moja.

Nililitoa kabla ya saa tatu. Nikamrudishia yule bwana elfu ishirini zote, akakasirika, akasema sina utaalamu, biashara ni matangazo na pesa haina harufu. Kuna mwezi ambao nitazihitaji zile elfu ishirini, naujua utakuja, na sitaki kujidanganya kwamba uamuzi utakuwa mwepesi zaidi kwa vile nimeufanya mara moja. Ila sasa kwenye daftari langu kuna safu ya tatu. Ya kwanza jina, ya pili pesa, ya tatu "nimeuliza nini". Ya mwenye duka la dawa nimeandika nimeona leseni. Ya nahodha nimeandika nimehesabu majaketi ya kuokolea, kumi na mbili.

Saa kumi na moja alfajiri

Wiki iliopita kulikuwa na msiba mwengine, wa bibi mmoja wa Mkomani, mfumaji kofia aliyejulikana sana. Jamaa zake walinitumia habari kabla ya sala ya Alfajiri. Nikaandika jina kamili, ukoo, watoto, msikiti, saa ya maziko. Nikaposti saa kumi na moja na dakika arubaini.

Mwisho wa ukurasa, kwa mpangilio mpya, ni zamu ya halua.

Nilikuwa sijanyanyuka bado kwenye kiti ilipoingia voisi ya sekunde kumi na moja. Nyuma yake nasikia mwiko unagonga karai.

"Dada, hiyo ya leo itoe yangu. Halua ni ya watu wa harusi. Nirudishie kesho, na siku ya leo usiihesabu."

Nikaitoa. Nikafungua daftari, kwenye safu ya tatu mbele ya jina lake, ambapo mpaka siku ile palikuwa patupu, nikaandika tarehe.